Maelezo Mengine, Kama Yapo

Benchi la kumngojea daktari, pale hospitalini tulipokuwa tukimpeleka binti yangu Zaituni, lilikuwa na msumari uliochomoza upande wa kushoto. Ulinichania kanzu mbili. Ukijikuta na mwanao kwenye benchi kama lile, kaa upande wa kulia, beba maji ya kunywa, na usimwambie "tulia" kila baada ya dakika moja kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Hatulii kwa sababu taa ya darini inanguruma. Wewe huisikii. Yeye anaisikia.

Nimeanza na hilo kwa kuwa ndilo ambalo ningependa mtu aniambie mapema. Mimi ni mzee wa Ujiji, karani wa bandari mstaafu, nilisoma hadi kidato cha nne. Usonji ni nini, madaktari watakueleza. Mimi nitaeleza nilivyokosea, na jinsi binti yangu alivyojiandaa kwenda chuo, kwa sababu kwa muda mrefu niliamini hataweza, na mtu wa kwanza kumzuia nilikuwa mimi.

Zaituni alizaliwa mwaka ule Wakongo walipovuka ziwa kwa wingi. Siku mke wangu Mwajuma alipojifungua, nilikuwa bandarini nikiandikisha watu waliokuwa wakishuka na magodoro, mbuzi na wagonjwa. Kazi ile niliipenda. Tulifundishwa kuwa na subira: mtu akinyamaza, usimkaripie, mngojee, maana hujui ameacha nini nyuma yake. Niliwangoja. Kuna mama mmoja nilimngoja karibu saa nzima kabla hajalitaja jina lake. Kisha nilirudi nyumbani, na nyumbani subira hiyo sikuwa nayo.

Fomu zilizoharibika nilizibeba nyumbani ili watoto wachoree nyuma. Zaituni hakuchora. Aligeuza upande wa maandishi, akazisoma, akazipanga kwenye gunia la mchele kwa kufuata rangi za wino. Nilidhani ni uchafu tu anaokusanya.

Alianza kuongea mapema, ila kwa maneno ya watu wengine. Ukimuuliza, "Umekula?" alijibu, "Umekula?" Aliweza kuirudia taarifa ya habari ya redioni neno kwa neno, hata pale mtangazaji alipokohoa, naye alikohoa. Majirani walicheka, nasi tulicheka nao. Alipofika miaka mitano, hatukucheka tena.

Masika mbili zilikuwa za kombe. Mwalimu wa madrasa aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, tukaziosha kwa maji, na Zaituni akatakiwa anywe maji hayo asubuhi na jioni. Alifumba mdomo. Mimi nilimbana pua ili ameze. Mwalimu hakuniagiza nifanye hivyo, niliamua mwenyewe. Mpaka leo Zaituni hanywi kitu chochote chenye rangi ya manjano. Baada ya kombe ikaja hirizi ya shingoni, ambayo uzi wake ulimwasha hadi akautafuna ukakatika. Baada ya hirizi sikutafuta tiba nyingine. Nikaamua kwamba mtoto ana kiburi, na dawa ya kiburi nilidhani naijua.

Sisi Waha salamu kwetu ni kazi. Unainama, unapiga viganja taratibu, unauliza habari za nyumba, za watoto, za mvua, na hufiki kwenye jambo lililokuleta mpaka yote hayo yaishe. Kaka yangu mkubwa anayeishi Kasulu ni mtu wa salamu kuliko wote ninaowajua. Kiangazi kimoja, Zaituni akiwa na miaka tisa, kaka alikuja kututembelea akiwa na wenzake wawili. Watoto wote wa uani wakamsalimu. Zaituni akapita mbele yake akiwa anahesabu matofali ya ukuta.

Kaka akaniangalia. "Rashidi, huyu umemlea au umemfuga?"

Wenzake wakacheka. Nikamshika Zaituni mkono, nikamsimamisha katikati ya ua, nikamwambia hataondoka pale mpaka aseme shikamoo. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri. Jua la kiangazi kwetu mnalijua, linapiga ziwa na kurudi. Mwajuma alikuja mara mbili kunisihi, mara zote mbili nikamrudisha jikoni. Zaituni alisimama. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Akajikojolea, akaendelea kusimama. Magharibi ilipoadhiniwa, neno lilikuwa bado halijatoka, na mimi ndiye niliyeona aibu nikaondoka kwenda msikitini. Tangu siku ile hakumwamkia mtu yeyote shikamoo kwa miaka kumi.

Mwajuma alihamishia mkeka wake chumbani kwa Zaituni. Masika nzima iliyofuata aliongea nami habari za maji na chumvi tu. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze.

Shuleni Zaituni alisumbuka, lakini alifaulu, kwa sababu mtihani ni karatasi na karatasi hazikumtisha. Kilichomtisha ni kengele, kusukumana, na jikoni kuliponuka mafuta ya mawese. Alipofika miaka kumi na tano alivunja ungo na mwili ukambadilikia vibaya: hakuvumilia kitambaa chochote kipya, vidole vyake vikawa vidonda kwa kutafunwa, akakonda hadi sare ikamning'inia. Ndipo tukaanza safari za hospitali. Tulikutana na daktari mwanamke aliyehamishiwa Kigoma kutoka Bukoba, mpole, anayeongea polepole. Alimtazama Zaituni kwa muda mrefu bila kumgusa. Alipotuambia jina la hali ile, mimi nilitoa kalamu nikamuuliza dozi yake ni ya muda gani.

"Mzee, hakuna dozi," akasema. "Haumwi. Ndivyo alivyo, na anaweza kuishi vizuri tu. Watakaohitaji kubadilika ni nyinyi."

Nilitoka pale nimekasirika. Nilikuwa nimezoea kwamba mtu akivaa koti la daktari anakupa vidonge. Vidonge nilivipata mimi mwenyewe baadaye, vya presha.

Lakini tuliendelea kwenda, kila baada ya miezi mitatu. Mwajuma alijifunza haraka kuliko mimi. Alikata lebo za nguo zote. Alipika mgebuka wa kuchemsha bila mawese, akamwekea kwenye sahani yake ileile, ugali wa muhogo upande mmoja na samaki upande mwingine, visigusane. Zaituni akaanza kunenepa. Vidole vikapona. Kuna asubuhi moja nilimsikia akicheka peke yake akisoma gazeti la zamani, nikasimama mlangoni muda mrefu nikisikiliza.

Alimaliza kidato cha nne akafaulu. Barua ikaja kutoka chuo kimoja cha Tabora: amechaguliwa kusomea utunzaji wa kumbukumbu. Kupanga mafaili, kwa mtu aliyepanga gunia zima la karatasi kwa rangi ya wino! Mwajuma alilia kwa furaha. Mimi niliisoma ile orodha ya vitu, godoro, ndoo, shuka mbili, na mstari uliosema kwamba kila mwanafunzi anatakiwa kujitegemea, nikasema haendi.

"Haendi, au hutaki aende?" Mwajuma akauliza.

"Nani atamwongelea kule?"

"Kwani hapa nani anamwongelea? Wewe?"

Daktari alishauri tumwandae kidogo kidogo, tulikuwa na miezi minne. Nikakubali, lakini niliyafanya maandalizi kama ninavyojua mimi, kibandari: amri na ratiba. Wiki hii maharage, maana chuoni ni maharage kila siku. Alianza na punje moja, akafika kijiko. Wiki hii kuoga kwa ndoo kukiwa na watu nje. Wiki hii kelele: niliwaita watoto wa jirani wapige masufuria, naye azoee. Hiyo ya kelele Mwajuma aliikomesha siku ya pili, na alikuwa sahihi.

Mwaka huohuo Warundi walikuwa wameanza kuja tena kwa wingi. Walishushwa Kibirizi kwenye mwalo wa dagaa, ufukweni boti zinapopakulia, wengine wakaletwa kwenye uwanja wa mpira mjini kusubiri kupelekwa kambini. Wakatafutwa makarani wanaojua Kirundi, nami, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu, nikaitwa kutoka kwenye kustaafu. Nikarudi kwenye meza, chini ya turubai pale uwanjani, na fomu zilikuwa karibu zilezile. Jina kamili. Jina la baba. Umetoka wapi. Sababu ya kuondoka. Unakwenda wapi. Ndugu uliopotezana nao njiani. Na mstari wa mwisho kabisa: Maelezo mengine, kama yapo. Mstari ule karibu kila mtu aliuacha wazi, nasi tuliupitisha kistari na kuita anayefuata.

Wiki ya kujizoeza safari, nilimwagiza Zaituni abebe mzigo kamili, godoro, ndoo na mfuko, aende peke yake hadi stesheni ya treni na kurudi. Jirani alimsindikiza mpaka mjini, akamwacha karibu na reli. Mimi nilikuwa nimempa Zaituni maelekezo matatu, na la tatu lilikuwa: "Fuata reli." Sikumwambia aishie wapi. Akaifuata. Akaipita stesheni, akaendelea na tawi la reli linaloelekea Kibirizi, akatokea mwaloni wakati boti inashusha Warundi.

Mgambo mmoja akamwona: msichana, godoro kichwani, ndoo mkononi, anaangalia chini. Akamuuliza kwa Kirundi, "Uva he?" yaani anatoka wapi.

"Uva he?" Zaituni akajibu, kwa lafudhi safi kuliko ya mgambo mwenyewe.

Akaongozwa kwenye gari pamoja na wengine. Yote hayo niliyajua baadaye. Nilichoona mimi ni kwamba niliita "anayefuata," nikainua kichwa, na mbele ya meza yangu amesimama binti yangu na godoro lake.

"Zaituni! Unafanya nini hapa?"

Akauma kidole. Akaanza kuyumba mbele na nyuma.

"Nakuuliza wewe. Nani kakuleta? Nilikuambia uende wapi?"

Kadiri nilivyopandisha sauti ndivyo alivyozidi kuyumba. Watu kwenye foleni wakaanza kusogea watazame. Nyuma yake alikuwapo mama mmoja wa Kirundi, mtu mzima, ambaye siku iliyotangulia alikaa mbele yangu akilia asiweze kusema neno, nami nikampa maji na kumngoja. Alikuwa amerudi kumwandikisha mjukuu. Alikuwa amemshika Zaituni upindo wa kanga, kumbe walikuwa pamoja tangu walipopangwa foleni.

"Mzee," akaniambia kwa Kirundi, "huyu ni wako?"

Nikasema ni wangu.

"Jana mimi uliningoja, na mimi hunijui. Wako humngoji?"

Kijana karani wa meza ya pili akajifanya anatafuta kalamu. Sikujua la kufanya na mikono yangu, basi nikafanya lililokuwa mbele yangu. Nikavuta fomu mpya, nikavua kifuniko cha kalamu, nikasema kwa sauti yangu ya kazini, taratibu:

"Jina kamili."

Akaacha kuyumba. "Zaituni Rashidi."

"Jina la baba."

"Rashidi. Karani."

"Umetoka wapi?"

"Ujiji, nyumba ya nyuma ya msikiti, mlango wa bluu."

Sikuwahi kupata kutoka kwake majibu matatu mfululizo. Alikuwa anajua swali gani linafuata. Alizisoma zile fomu za guniani tangu utotoni, na kwa mara ya kwanza mtu alikuwa anamuuliza maswali aliyojiandaa kuyajibu.

"Sababu ya kuondoka."

"Baba alisema nijizoeze safari."

Watu wawili watatu wakacheka, hata mimi.

"Unakwenda wapi?"

"Chuo, Tabora."

"Ndugu uliopotezana nao njiani."

"Baba," akasema.

Hapo niliacha kuandika. Yule mama wa Kirundi aliangalia pembeni. Ningeweza kuishia hapo, na kwa mazoea ningepitisha kistari mwishoni. Lakini Zaituni alikuwa bado amesimama akitazama karatasi, anangoja swali lililobaki. Nikamuuliza.

"Maelezo mengine, kama yapo."

"Yapo," akasema. Akavuta pumzi. "Nilisimama juani tangu alasiri mpaka magharibi. Sikuwa na kiburi. Neno lilikataa kutoka."

Nikaliandika lote kama alivyolisema, kwa mwandiko wangu wa kazini. Kisha nikaandika chini yake kwamba mwandikishaji amekosa na anaomba radhi, nikamgeuzia asome. Alisoma mara mbili. Akasema nimesahau tarehe. Nikaweka tarehe.

Fomu ile haikuingia kwenye mafaili ya wakimbizi. Iko kwenye gunia.

Tangu siku hiyo maandalizi yakawa mengine. Niliacha amri, nikaanza kuandika fomu. Kila jambo la chuoni tulilifikiria mapema, tukaandika maswali yake kwa mpangilio, naye akajaza majibu kwa raha yake. Fomu ya kufika bwenini. Fomu ya kuomba kuhamishwa kutoka kitanda kilicho karibu na mlango. Fomu ya kumwambia mtu kwamba kelele zimezidi. Pale nilipokosea swali alilifuta na kuandika lililo sahihi. Kwenye fomu ya kukaa na mtu usiyemjua mimi niliandika, "Utamwambia nini?" Yeye akafuta, akaandika, "Je, ni lazima kuongea?" na mbele yake, "Si lazima." Daktari aliposoma hilo alicheka hadi akavua miwani, akaomba nakala za fomu zote awape wazazi wengine wanaokaa kwenye lile benchi. Akatuandikia pia barua ya kupeleka chuoni, walimu wamuulize Zaituni kwa maandishi inapowezekana. Mlezi wa bweni akajibu kwamba itawezekana. Barua yake ilikuwa ya mistari minne tu, nikaiweka ndani ya msahafu.

Ilibaki salamu. Huwezi kuishi Tabora wala popote nchini kwetu bila shikamoo. Zaituni ndiye aliyeamua: ataweka kiganja cha kulia kifuani na kuinamisha kichwa, na mfukoni atakuwa na kadi iliyoandikwa kwa mkono wake, "Hii ndiyo shikamoo yangu."

Wiki moja kabla ya safari kaka yangu alikuja kutoka Kasulu kumuaga. Amezeeka sasa, anatembelea fimbo. Zaituni akatoka ndani, akaweka kiganja kifuani, akainama. Kaka akanigeukia mimi kama alivyonigeukia zamani.

"Kaka," nikamwambia, "hiyo ndiyo shikamoo. Itikia."

Akanung'unika, akasogeza fimbo. "Marahaba," akasema. Halafu, kwa kuwa hawezi kujizuia: "Ila angeinama kidogo zaidi."

Zaituni akainama kidogo zaidi. Mwajuma alikimbilia jikoni kuficha kicheko.

Siku ya treni tulifika stesheni mapema ili honi isimkute katikati ya watu. Alivaa kofia ya sufu iliyofunika masikio, jua kali vile, na hakujali waliomtazama. Mimi nilikuwa na mengi ya kusema. Alinionyesha fomu yake ya kuagana, ambayo ilikuwa na swali moja tu: "Baba atalia?" Alikuwa amejibu, "Ndiyo. Asizuiwe."

Muhula wa kwanza haukuwa mwepesi, sitakudanganya. Mwezi wa pili mlezi alipiga simu: Zaituni alikaa siku mbili stoo ya mafaili, haji bwaloni kula. Mwajuma akafunga mizigo aende. Kabla hajaondoka simu ikaja tena, walikuwa wamekubaliana awe anakula kabla ya wenzake. Alifeli somo moja, akalirudia akafaulu. Bado anatafuna vidole nyakati za mitihani. Kupona hakupo, maana hakuna cha kupona. Ila ana rafiki, binti wa Urambo, ambaye naye haongei sana.

Juzi, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, ilikuja bahasha kutoka Tabora. Ndani hamkuwa na barua. Mlikuwa na fomu iliyopigwa mistari kwa rula, ijazwe na mimi. Ilitaka kujua kama nakunywa dawa ya presha, kama mgebuka wamepatikana, kama mlango bado ni wa bluu. Swali la kwanza, juu kabisa, lilikuwa neno moja na nafasi ya kujibu mbele yake.

Shikamoo: ……………

Mwajuma akauliza mbona sijazi. Nikaandika "Marahaba, mwanangu," na wino ukasambaa kidogo kwa sababu karatasi ilikuwa imelowa.

Nilijaza yote mpaka nikafika mwisho. Maelezo mengine, kama yapo. Zaituni alikuwa ameacha mistari kumi na miwili. Niliimaliza kabla hata sijafika kwenye kombe, nikamwomba Mwajuma aniletee daftari. Haya niliyokuandikia ndiyo niliyojaza humo. Fomu yake nitaiposti kesho.